Simiti Mgongoni mwa Mama Djamali

Mounira alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza nyembamba ya hospitali, huko Lubumbashi, uso umeelekea ukutani, macho wazi. Walikuwa wametia ganzi mgongo peke yake, kwa hiyo masikio yalisikia kila kitu. Alisikia mashine ya picha ikizungushwa juu yake. Alisikia mtu akikoroga kitu kwenye kikombe, haraka haraka, na mara harufu ikajaa chumbani, kali, ya kuchoma pua kama rangi ya kucha.

"Mama, sasa tunaingiza simiti," alisema daktari Raphaël kutoka nyuma yake. "Utasikia moto kidogo. Usitikisike."

Moto ukaja. Haukuwa juu ya ngozi, ulikuwa ndani kabisa, mahali ambapo mtu mzima hajui kama anapo. Mounira akasoma zile aya chache alizozijua kwa moyo, akazirudia, mpaka moto ukapungua wenyewe.

Mfupa wenyewe ulikuwa mmoja tu katika uti wa mgongo. Kwenye picha ulionekana umebonyea upande wa mbele kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Kwa ajili ya kimfupa hicho, mwanamke aliyekuwa akiitwa huku na huko katika mji wa Kasongo, kila mahali alipofia mwanamke mwenziwe, alikuwa amefikia kutambaa ili aende chooni.

"Ilikwisha," daktari akasema. "Imekauka tayari."

"Dokta, nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Miye kazi yangu ni kuosha maiti za wanawake. Siku ile tulikuwa tunageuza mama mumoja, munene, miye na mwenzangu. Mukono wa mwenzangu ukateleza kwenye sabuni, uzito wote ukaniangukia. Watu wanasema yeye ndiye alinivunja."

Daktari akaja upande wa ukuta, akachutama ili aonane naye macho. "Mama, mifupa yako ilikuwa imeliwa ndani. Ni uzee, na ni kwa wamama wengi. Hata kuinua ndoo ya maji, huu mufupa ungevunjika. Hata kukohoa. Mwenzako hakukuvunja. Ulikuwa umevunjika kabla yake."

Mounira akafumba macho. Tangu siku ile Mwamini, mwenzake huyo ambaye watu humwita Mama Iliasi kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa hainui uso mbele yake. Wanawake wawili waliokuwa wameosha pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, mmoja akawa mgonjwa na mwingine akawa mkosaji, na mji ukapata la kusema. Neno la daktari akalishika kwa furaha kubwa kuliko aliyokuwa nayo kwa ajili ya mgongo. Akasema moyoni: hili nitampelekea Mama Iliasi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

*

Mlango wa chumba walichomlaza ulikuwa haufungi vizuri, na mazungumzo ya kibarazani yaliingia yote.

"Jioni hii asimame," daktari alikuwa akimwambia Djamali, mwanawe. "Kesho atembee. Asibebe kitu kizito, maana mifupa mingine ni vilevile. Lakini atembee, aone jua, akule ndagala na miiba yake, anywe dawa. Kitanda kinakula mifupa, unasikia?"

"Dokta, simiti ya leo isimamishwe leo?"

"Hii si simiti yako ya nyumba, papa."

Vijana wawili wanafunzi wa udaktari, waliovaa blauzi nyeupe, wakacheka. Daktari naye akacheka kidogo, kwa wema tu, akaenda zake.

Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Djamali alikuwa fundi mjenzi, na si wa kubahatisha. Alikuwa ameuza kiwanja chake cha karibu na soko, kiwanja alichokuwa akiota kujengea nyumba yake mwenyewe baada ya kujengea watu wengine nyumba zao, ili mama yake apande treni na kulazwa hapa. Mtu wa namna hiyo hachekwi mbele ya watoto wa blauzi nyeupe. Hakubisha. Alisema ndiyo dokta, asante dokta, na rohoni akafunga mlango.

Jioni, Djamali alipokuwa ametoka kutafuta chakula, muuguzi akamsimamisha Mounira. Alisimama. Akangoja maumivu yaje kama yalivyozoea kuja, na hayakuja. Akaenda mpaka dirishani, akaona watu wakipita barabarani na mizigo yao, akalia kwa furaha bila kujificha.

Djamali akaingia na sahani ya fufu mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyemwona mtoto ukingoni mwa kisima.

"Mama, lala."

"Angalia, baba. Haiumi."

"Lala, nakuomba." Akaweka sahani chini, akamrudisha kitandani kwa mikono yake miwili. "Wanataka kitanda tu hawa. Yule muzee wa pale kando wamemutoa asubuhi, hata hajamaliza kuugua. Weye unajua Wamaza kilitokea nini."

Alijua. Kule Wamaza, upande wa Kabambare, Djamali alipokuwa bado kijana wa kazi, mwenye nyumba mmoja alikuwa na haraka. Kofraji, zile mbao zinazoshikilia simiti mpaka ikomae, zikatolewa kabla ya wakati. Kwa macho simiti ilikuwa imekauka, ngumu, nzuri. Ikamwangukia mkoroga simiti wao, na mguu wake ukabaki pale. Tangu hapo Djamali hakumwondolea mtu yeyote kofraji kabla ya mwezi mzima, hata atukanwe, hata anyimwe kazi, na ndiyo sababu nyumba zake zinasimama.

"Kukauka ni jambo moja," akasema. "Kukomaa ni jambo lingine. Utalala mwezi, mama. Ndipo tutakusimamisha."

Mounira angeweza kubisha. Miguu ilikuwa yake, na daktari alikuwa amesema. Lakini aliyetoka katika maumivu kama yale huogopa yasije yakarudi, na tena ni vigumu kumbishia mtoto aliyeuza kiwanja kwa ajili yako. Akalala.

*

Treni iliwashusha Samba. Djamali alikuwa ametuma habari mbele, na vijana wanne walikuwa wanangoja na kipoyi, kitanda cha kubebea chenye miti miwili, ambacho alikuwa ametuma vipimo vyake kwa ujumbe wa simu, sentimita kwa sentimita, kama anaagiza mlango. Wakamfunga Mounira kwa mikanda ya kitambaa, kifuani na magotini, ili asijipinde. Akafunikwa kwa sababu ya jua.

Huko kwetu hakuna anayebebwa amelala isipokuwa mgonjwa wa kufa na yule aliyekwisha kufa. Kila kijiji walichopita, kelele zilinyamaza. Wanaume walivua kofia. Waendesha baiskeli walishuka. Mounira, chini ya shuka, alisikia mama mmoja akiuliza, "Wanamurudisha kwao wapi, maskini?" na mwingine akajibu kwamba anaonekana ni mtu wa Kasongo, Mungu amlaze pema.

"Niko hai," Mounira akasema ndani ya shuka.

Mama yule akapiga yowe, akakimbia, na vijana wa kipoyi wakacheka mpaka Djamali akawagombeza kwamba wanatikisa. Mounira hakucheka. Kwenye Lualaba mwenye mtumbwi alidai nauli ya maiti, ambayo ni kubwa kuliko ya mtu, na ikabidi Djamali afunue uso wa mama yake ili mwenye mtumbwi na abiria wauone. Watu wakautazama. Mtoto mmoja akauliza kama macho yake yanaona.

Na Djamali alikuwa na furaha, jambo hilo lisisahauliwe. Njia nzima alitembea kando ya kipoyi, mkono juu ya mti, akiangalia kila shimo kabla ya wabebaji. Kama mapenzi yangekuwa dawa, Mounira angekuwa amepona mara mbili.

*

Nyumbani, kazi ya kumwangalia iliangukia kwa Faridah, mke wa Djamali. Alimlisha akiwa amelala. Alimletea chombo cha chooni na kukitoa kimefunikwa kwa kitambaa. Na asubuhi na jioni, kwa amri ya mumewe, alimgeuza mama mkwe wake ubavu na kumwekea mgongoni taulo iliyolowa maji, kwa sababu simiti isiyomwagiwa maji hupasuka. Kila mjenzi analijua hilo. Mounira mwenyewe, zamani, alikuwa akiteka maji ya kumwagia kuta za mwanawe wa pekee alipokuwa anajifunza kazi, kwa hiyo alilala kimya chini ya taulo baridi akijiambia kwamba labda mtoto ana haki.

Siku ya Ijumaa Faridah alimwogesha mwili mzima. Akamgeuza, akaanza kumpangusa upande wa kushoto.

"Kulia kwanza," Mounira akasema. "Bega, mukono, halafu ubavu. Shika kichwa kisianguke."

Faridah akafuata. Aliosha kulia, akaosha kushoto, akapitisha maji mara tatu, na shuka haikuondoka juu ya mapaja kwa heshima. Alifanya vizuri sana. Ndipo wote wawili wakatambua alichokuwa anafundishwa, na mkono wa Faridah ukasimama.

Mwosha huoshwa, husema watu, na Mounira alikuwa ameusema msemo huo mara nyingi kuliko wengi, kwa maana ndiyo kazi yake. Siku zote aliusema akijiona yeye atakuwa amefumba macho. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuoshwa huku anahesabu miti ya dari.

"Mama, nikusimamishe?" Faridah akanong'ona. "Djamali iko kwa kazi. Hatajua."

Mounira alitaka. Alitaka sana. Lakini alijaribu kuinua kichwa tu, na nyumba ikazunguka. Miguu aliyoitumia Lubumbashi kwenda dirishani ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Akaogopa. "Acha," akasema. "Mwezi utaisha."

Muuguzi Cécilia wa kituo cha afya alipopita na kuinua taulo, alikuta ngozi juu ya makalio imelainika kwa maji na kuanza kufunguka kidonda. Akamngoja Djamali mpaka akarudi.

"Nani alikuambia kumulowesha mutu?"

"Simiti inaomba maji."

"Papa Djamali, mama yako si ukuta. Kila siku anayolala hapa, mifupa inazidi kuisha. Umusimamishe leo."

"Weye," Djamali akasema bila kupandisha sauti, "ulimuambia ni rematizimu, ni ugonjwa wa viungo tu. Ulimuchoma sindano, ukamuambia afanye massage na mafuta ya mawese. Alikuwa anatembea na mufupa umevunjika, na weye unamukanda. Sasa unakuja kunifundisha?"

Cécilia alikuwa na la kujibu, lakini hilo lilikuwa kweli, na kweli humfunga mtu mdomo hata pale anapokuwa na haki. Alisafisha kidonda, akaacha dawa, akakataza maji. Taulo ikaondolewa. Kitanda kikabaki.

*

Kila alipomaliza swala yake, ambayo aliisali kwa macho na vidole, Mounira aliuliza swali lilelile.

"Mama Iliasi hakufika?"

"Hakufika, mama," Djamali alijibu.

Wengine walifika na kusemeshwa uani, kisha sauti zao zikaondoka. Wageni wanamfanya mgonjwa ainuke, Djamali alisema. Wataingia wote mwezi ukiisha. Neno la daktari lilibaki kifuani mwa Mounira kama chakula kilichokwama. Alifikiri kumtuma Faridah alipeleke. Akaona hapana, neno la namna ile halitumwi na mtoto, linapelekwa na mwenyewe au mwenziwe aje alichukue. Na kiburi kidogo kilikuwepo, tusifiche. Ni yeye aliyelala. Basi mwenye miguu na aje. Jinsi siku zilivyopita bila Mwamini kuja, akaanza kuumia, na usiku mmoja akasema kwa hasira kwamba urafiki wa watu wazima ni maneno matupu. Faridah, aliyekuwa anakunja nguo, hakumtazama.

Asubuhi moja, kabla chai haijapoa, sauti ya Salima, binti wa Mwamini, ikasikika uani. Ilikuwa sauti iliyokwisha kulia na kunyamaza.

"Kaka Djamali, mama ametutoka alfajiri."

"Innalillahi. Alikuwa mugonjwa?"

"Kifua. Wiki mbili. Aliacha wasia. Aoshwe na Mama Djamali."

"Mama hawezi kusimama, Salima. Bado siku kidogo tu."

"Wasia ni wasia, kaka."

Mounira alikuwa amesikia yote. Aliita, na Djamali akaingia. Hakumpa nafasi ya kusema.

"Nipeleke," akasema. "Hata kwa kamba, nipeleke."

Djamali alifikiri kama afikirivyo mbele ya ukuta uliopinda, akitafuta njia ya kuuokoa bila kuubomoa. Mwishowe akakubali kwa masharti. Ataenda kwa kipoyi. Atawekwa karibu na maiti, amelala, aelekeze kwa mdomo tu, wanawake wengine waoshe.

*

Mahali pa kuoshea palikuwa pamezungushiwa mikeka nyuma ya nyumba. Wanaume walifikisha kipoyi mpaka kwenye mkeka wa mlangoni, na hapo wakaishia, Djamali pamoja nao, maana ndani ni kwa wanawake. Wanawake wakakivuta wenyewe mpaka kando ya ubao alipolazwa Mwamini. Wakawa wawili wamelala sambamba, mmoja amefunikwa na mwingine amefunikwa.

Mounira akageuza uso. Mwamini alikuwa amekonda, na kidevu chake kilikuwa kimefungwa vibaya, kwa upande.

"Nani alimufunga hivi?"

"Miye," Salima akasema. "Sikujua."

"Kwa nini mama yako hakuja kwangu, Salima? Nilimungojea."

Wanawake wakatazamana. Salima alikuwa na birika mkononi, akaliweka chini.

"Alikuja, mama. Mara mbili. Ya kwanza wiki mulipofika. Ya pili alikuwa anashikilia ukuta njiani, kifua kimemubana. Kaka Djamali alimuambia unapumuzika, arudi mwezi ukiisha. Alikaa kwenye jiwe la pale mulangoni kwenu, akapumua, tukarudi. Alikuwa anataka kukuomba samahani."

Upande wa pili wa mikeka wanaume walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Mounira alisikia sauti ya mwanawe katikati yao, akimwambia mtu kwamba mama yake asitikiswe. Hasira ikampanda kutoka miguuni, ikafuatwa na uchungu mkubwa kuliko hasira, na vyote viwili vilikuwa na jina la mtu mmoja ambaye hakuwa na mwingine ila yeye duniani.

"Nifungueni," akasema.

"Mama, kaka Djamali alisema..."

"Djamali hayuko humu."

Wakafungua mikanda. Faridah akamshika kwapani upande mmoja, Salima upande wa pili. Aliketi kwanza, nyumba na mikeka vikazunguka, akangoja vitulie. Kisha akaweka nyayo ardhini. Magoti yakagongana, miguu ikatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Lakini mgongo ulikuwa kimya. Ulikuwa umekuwa kimya tangu Lubumbashi.

Hakuinua kitu. Waliogeuza ni wengine, na yeye alielekeza tu: sasa, polepole, kulia kwanza. Alichokifanya kwa mkono wake ni kumwaga maji, akiegemea bega la Faridah, na kumfunga upya kidevu. Alipoinama kidogo juu ya sikio la Mwamini, wanawake wakarudi nyuma wenyewe. Alisema alilokuwa amelibeba kutoka Lubumbashi, lote, pamoja na mfano wa ndoo na wa kikohozi. Akamaliza. Hakuna kilichobadilika katika uso ule, akajua wazi kwamba amelisema kwa ajili yake mwenyewe tu.

*

Jeneza likawekwa uani. Wanaume wakapanga safu, na Iliasi, mtoto wa kwanza wa marehemu, akasimama mbele yao kufanya kama desturi ilivyo.

"Ndugu zangu, kama kuna mutu anamudai mama, aje kwangu, nitalipa miye. Kama kuna mutu alikosewa naye, tunaomba amusamehe."

Kwa kawaida hapo watu husema tumemsamehe, na safari inaanza. Djamali alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama kwenye mlango wa mikeka, na mlangoni pale alikuwa amesimama mama yake, kwa miguu yake, mkono juu ya bega la Faridah, nguo imelowa maji ya kuoshea. Alimtazama kwa muda mrefu. Usoni mwake kila kitu kilionekana kikiporomoka, ukuta kwa ukuta, na Mounira, aliyekuwa ametoka na maneno makali tayari mdomoni, hakuweza tena kuyasema.

"Iliasi," Djamali akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mama yako ndiye ananidai miye. Alikuja kwangu mara mbili, nikamurudisha mulangoni. Mama yangu aliuliza, nikasema hakuja."

Wazee wa msikiti wakatazama chini.

"Tunajua," Iliasi akasema. "Sisi tulitaka kuja kukugombeza. Mama alikataa. Alisema, muacheni, anachunga mama yake. Alisema, miye ndiye nilimuvunja."

Mwanamke hapiti mbele ya safu ya wanaume iliyosimama mbele ya jeneza. Mounira alilijua hilo kuliko wengi waliokuwa pale. Akaondoa mkono kwenye bega la Faridah akatembea, hatua fupi fupi, mikono imetanuka kidogo kando, mpaka akafika kwenye jeneza na kushika mti wake. Hakuna aliyemzuia.

"Hakunivunja," akasema. Alitaka wasikie hadi wa mwisho, akasema tena. "Mama Iliasi hakunivunja. Dokta aliniambia. Mifupa yangu ilikuwa imeisha yenyewe, hata ndoo ya maji ingenivunja. Yeye hana kosa. Muliosema vile, museme hivi sasa."

Mtu mmoja katika safu ya nyuma akakohoa. Iliasi akamsogelea, akainama kwa heshima, kama mtoto anavyomwinamia mama.

"Mama Djamali, yeye alijua?"

Mounira akamtazama mwanawe. Djamali alikuwa amesimama na mikono imening'inia, ile mikono mikubwa yenye simiti katika mistari ya viganja ambayo haikutoka hata kwa kuoga kwa Ijumaa. Angeweza kumwachia kosa hilo alibebe. Lilikuwa lake.

"Hapana," akamjibu Iliasi. "Nilichelewa."

Iliasi akaitikia kwa kichwa. Akashika mti wa mbele upande wa kulia, akamwonyesha Djamali wa kushoto. Djamali akaja, akainama, akaweka bega. Mounira akaachia mti ili waweze kuinua.